Mma Ramotswe amerudi, wasomaji wake hawakubaliani

*Kila mwaka kitabu kipya cha mpelelezi wa Gaborone kinapotoka, wapo wanaokipokea kwa shangwe na wapo wanaouliza kisa kiko wapi. Pande zote mbili zina hoja.*

Hoteli ipo viungani mwa Gaborone, na mambo yake yanakwenda mrama. Wageni wamekula wakaumwa matumbo. Nguo zilizoanikwa kambani zimetoweka. Mgeni mmoja ameumwa na nge. Uongozi unaona hii si bahati mbaya tena, kuna mkono wa mtu, lakini kesi ya nguo za kambani si ya kupeleka polisi. Basi shauri linafikishwa kwa Mma Precious Ramotswe.

Hicho ndicho kisa kikuu cha *The Great Hippopotamus Hotel*, riwaya ya 25 katika mfululizo wa *The No. 1 Ladies' Detective Agency* wa Alexander McCall Smith, iliyotoka mwaka 2024. Kando yake kuna kisa kidogo zaidi. Mwanamume wa makamo anataka kuagiziwa gari la Kiitaliano, lile la kwenda mbio, mkewe asijue. Fundi Bwana J.L.B. Matekoni, mume wa mpelelezi wetu, anajikuta amebebeshwa siri ambayo hakuiomba.

Hakuna maiti. Hakuna risasi. Hakuna anayekimbizwa usiku juu ya mapaa ya nyumba.

Na hapo ndipo ubishi unapoanza. Wapo wasomaji waliokimaliza kitabu hiki kwa siku mbili na kusema wameonana tena na jamaa zao. Wapo wengine, na hawa nao wamesoma vyote 24 vilivyotangulia, waliokifunga wakiwa na kinyongo. Kwa maneno yao, siri ya hoteli ni nyepesi mno, utani ni ule ule wa miaka yote, na mwandishi anaandika kwa mazoea.

Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda kwa sababu mimi ni msomaji wa vitabu hivi, na kwa sababu naamini haumhusu Mma Ramotswe peke yake. Unahusu kile ambacho msomaji ana haki ya kukidai anapomfuata mhusika mmoja kwa robo karne.

Mwanamke aliyemfukuza kuku

McCall Smith alizaliwa mwaka 1948 mjini Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Kazi yake ya maisha ilikuwa sheria. Alifundisha sheria za tiba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Gaborone kusaidia kuanzisha mafunzo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Botswana. Ameshiriki hata kuandika kitabu cha sheria za jinai za nchi hiyo. Jinai za Botswana alizijua kwa vifungu kabla hajazigeuza kuwa hadithi.

Mbegu ya Mma Ramotswe, kama anavyoieleza mwenyewe, ilidondoka Mochudi, mji ulio kaskazini mwa Gaborone. Alikuwa mgeni wa rafiki zake, akamwona mwanamke aliyevaa gauni jekundu akimfukuza kuku uani kwake. Kuku akakamatwa, akanyongwa shingo, akatolewa zawadi. Mwandishi akabaki akijiuliza maisha ya mama yule mchangamfu yalikuwa yamepita wapi.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1998 kwa mchapishaji mdogo wa Edinburgh, nakala 1,500 tu. Wasomaji walikisambaza kwa mdomo, mmoja akimwazima mwenzake, hadi Marekani ikakipokea na mamilioni ya nakala yakauzwa. Leo mfululizo umetafsiriwa katika lugha zaidi ya 40, na kila mwaka, mara nyingi kuanzia Septemba, kinatoka kingine. Mwaka 2025 kilifuata cha 26, *In the Time of Five Pumpkins*.

Msingi wa hadithi ni mwepesi kueleza. Mzee Obed Ramotswe alifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, akarudi na mapafu yaliyoharibika na fedha alizozigeuza kuwa ng'ombe. Alipofariki alimwachia bintiye ng'ombe 180. Precious akawauza baadhi yao, akanunua nyumba katika mtaa wa Zebra Drive na kufungua ofisi chini ya kilima cha Kgale. Mali ya ofisi inatajwa moja moja: gari dogo jeupe, meza mbili, viti viwili, simu, mashine kuukuu ya kupiga chapa, birika la chai ya rooibos na vikombe vitatu. Kimoja chake, kimoja cha karani, kimoja cha mteja.

Karani huyo ni Mma Makutsi, mwenye miwani mikubwa na alama 97 kwa mia za Chuo cha Uhazili cha Botswana. Alama hizo hachoki kuzitaja, kitabu baada ya kitabu.

“Hakuna kinachotokea”

Tuwasikilize kwanza wanaolalamika, maana wamelisoma jambo hili kwa makini kuliko wanavyodhaniwa.

Shtaka lao la kwanza ni marudio. Alama 97 zinarudi. Viatu vya Mma Makutsi, vile vinavyomsemesha anapotaka kufanya upuuzi, vinarudi. Keki ya Mma Potokwani, mlezi mkuu wa kituo cha yatima ambaye hakukatii kipande bila kuwa na ombi, inarudi. Violet Sephotho, hasimu wa Mma Makutsi tangu chuoni, akikosekana katika kitabu kimoja ujue atakuwa katika kinachofuata. Msomaji mpya anacheka. Msomaji wa kitabu cha 25 anajua utani unaingilia mlango gani.

Shtaka la pili ni la muda. Motholeli na Puso, watoto wawili yatima ambao Mma Ramotswe na mumewe waliwachukua tangu kitabu cha pili, mwaka 2000, hawakui. Miaka 25 imepita kwa msomaji. Wapo waliokuwa shule ya msingi walipoanza kusoma mfululizo huu na sasa wana watoto wao. Motholeli bado ni msichana wa shule, na katika vitabu vya karibuni yeye na mdogo wake hutokea kwa kifupi mno, wakila wali mezani kisha wakienda kulala. Hili linawauma wasomaji wengi kuliko siri nyepesi ya hotelini, na mimi ni mmoja wao. Nitarudi kwa Motholeli.

Shtaka la tatu ni siri zenyewe. Mpenzi wa riwaya za upelelezi anataka kushindana na mpelelezi, apewe vidokezo, afikirie, akosee, ashangae. Katika vitabu vya karibuni jawabu mara nyingi hujitokeza lenyewe, kwa mtu kukiri akiwa na kikombe cha chai mkononi, na mkosaji huachiwa akisharidhia kujirekebisha.

> Msomaji wa kitabu cha 25 anajua utani unaingilia mlango gani.

Upande wa pili una majibu. Wao wanasema anayehesabu maiti amekosea duka. Hawakumfuata Mma Ramotswe kwa ajili ya siri. Walimfuata kwa namna anavyoketi na mtu mwenye shida na kumsikiliza hadi mwisho bila kutazama saa. Wengi wanaeleza kwamba walivisoma wodini wakiuguza mzazi, au baada ya mazishi, au usiku ambao usingizi ulikataa kuja. Kwa msomaji wa namna hiyo, kurudia si kasoro hata kidogo. Anachokihitaji ni uhakika kwamba akifungua kitabu atamkuta Mma Ramotswe barazani, chai imeiva, na watu wanaamkiana kwa heshima, Mma na Rra, kabla ya kuingia katika neno lolote.

Na si kweli kwamba hakuna kinachobadilika, wanasema. Mma Makutsi aliingia akiwa karani, akawa mpelelezi msaidizi, na amejipandisha cheo mara kadhaa tangu hapo hadi kuwa mbia. Alichumbiwa na Phuti Radiphuti, mwenye duka la samani. Phuti akapata ajali mwaka 2010, katika *The Double Comfort Safari Club*, na kukatwa mguu. Wakaoana mwaka 2011, na mtoto akazaliwa mwaka 2013. Charlie, yule mwanagenzi wa gereji aliyekuwa haoni msichana akapita bila kumpigia mluzi, amekua hadi kuhangaikia mahari. Mabadiliko yapo. Yanakwenda kwa mwendo wa maisha yenyewe.

Damu chini ya kicheko

Hoja hiyo ya pili ina nguvu, na bado nadhani haimalizi jambo. Nilirudi kwenye vitabu viwili vya kwanza nione kama kumbukumbu yangu inavipamba. Haivipambi.

Chukua kisa cha mwanzo kabisa cha kitabu cha 1998. Mwanamke mwenye kazi nzuri amefikiwa na mzee anayedai kuwa ndiye baba yake aliyepotea zamani. Amempokea, anamlisha, na mzee hainuki kitini. Binti anaanza kushuku. Mma Ramotswe anaazima sare ya muuguzi, anaipaka damu, anakwenda mbio hadi nyumbani kwa yule mzee: bintiyo amepata ajali mbaya, inahitajika damu nyingi sana, damu ya baba mzazi, na huenda mtoaji asipone. Mzee anatweta, anageuka huku na huku, mwishowe anasema ukweli. Yeye si baba. Baba halisi alikuwa rafiki yake, naye alishakufa.

Hapo unacheka, kisha unatulia. Ni hukumu ya Nabii Suleimani imehamia Gaborone, na imehamia vizuri. Nyuma ya kichekesho kuna mwanamke aliyeishi miaka yote akitamani baba, na kwa siku chache akadhani amempata.

Au kisa cha mume aliyekwenda kubatizwa mtoni na kundi la waumini na asionekane tena. Mkewe anadhani ametorokea kwa mwanamke. Mma Ramotswe anaazima mbwa, anakwenda naye usiku mtoni Notwane, anamvizia mamba, anampiga risasi na kumpasua. Tumboni mna saa ya mkono. Anampelekea mjane saa hiyo. Ni ukurasa wa kuchekesha, na ni ukurasa wa kifo, na hakuna unachoweza kukitoa kimoja ukabakiza kingine.

Mma Ramotswe mwenyewe hakuanza akiwa mama mtulivu wa barazani. Aliolewa na Note Mokoti, mpiga tarumbeta, akapigwa, akaachwa, akazaa mtoto aliyeishi siku chache tu. Ndugu yake Mma Makutsi alikufa kwa maradhi chumbani kwa dada yake, dada akimuuguza huku akienda kazini. Na Motholeli, yule msichana anayetumia kiti cha magurudumu na ambaye sasa hukaa mezani bila kusema, alitoka katika jamii ya Basarwa ya jangwani. Mama yao alipofariki, kichanga kilikuwa kizikwe naye kulingana na desturi, na dada mtu, mwenyewe mtoto mdogo, akakifukua mchangani na kukimbia nacho. Kichanga hicho ndicho Puso.

> Nyuma ya kichekesho kuna mwanamke aliyeishi miaka yote akitamani baba.

Sasa linganisha na nguo zilizopotea kambani. Sidhani shida ni marudio. Tamthilia za redio tulizokulia nazo zilijirudia, na tulizikimbilia kila jioni. Shida ni kwamba kicheko cha vitabu vya mwanzo kilikuwa kimeegemea kitu kizito, na miaka ya karibuni uzito umepungua huku kicheko kikibaki pale pale. Wasomaji wanaolalamika wanalihisi hilo, hata wanapolitaja kwa jina lisilo lake. Wanasema “siri ni nyepesi” wakati wanachokikosa ni huzuni.

Mwandishi aliyempa Motholeli historia ile anawajibika kumwacha akue. Hilo nalisema kwa upendo wa vitabu hivi. Nataka kujua msichana yule, aliyekuwa anapenda kushika spana gerejini kwa Bwana Matekoni, anakuwa mwanamke wa namna gani.

Botswana ya nani?

Kuna lawama nyingine, nayo haitoki kwa mashabiki. Inasema Botswana ya McCall Smith ni tamu mno. Vitabu vya kwanza vilitoka wakati nchi hiyo ilikuwa na mojawapo ya viwango vya juu kabisa vya maambukizi ya Virusi vya Ukimwi duniani. Mazishi yalikuwa kila Jumamosi. Katika riwaya, ugonjwa huo hautajwi sana kwa jina; unazungukwa kwa maneno ya staha. Tena mwandishi ni Mskoti mweupe, na wasomaji wake wengi wako mbali, wakifurahia Afrika isiyowasumbua.

McCall Smith amejibu hoja hiyo mara nyingi kwa msimamo ule ule. Habari za vita, njaa na maradhi ya Afrika zina waandishi wa kutosha. Yeye ameamua kuandika uungwana alioukuta Botswana, na uungwana huo nao ni kweli. Kuhusu kulizunguka jina la ugonjwa, ameeleza kwamba ndivyo watu wenyewe walivyokuwa wakizungumza, kwa kuficha aibu ya jirani.

Jibu hilo nalikubali nusu. Kila aliyewahi kukaa msibani miaka ile, Bukoba au Kisumu, anaijua lugha hiyo ya kuzunguka: “aliugua kwa muda mrefu”, basi. Mwandishi hakuizua. Nusu ya pili nawaachia Wabotswana, na wao wanaye wa kuisema.

Unity Dow alizaliwa Mochudi mwaka 1959, mji ule ule wa kuku na gauni jekundu, mji ambao Mma Ramotswe naye anaitwa mtoto wake. Dow ndiye wakili aliyeishtaki serikali yake kwa kuwanyima uraia watoto wa mama Mbotswana aliyeolewa na mgeni, akashinda rufaa mwaka 1992. Mwaka 1998, mwaka ule ule alipotokea Mma Ramotswe, akawa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu ya Botswana. Kisha akaandika riwaya.

*The Screaming of the Innocent*, ya mwaka 2002, imejengwa juu ya sanduku. Msichana aliyepelekwa kijijini kwa utumishi wa taifa anapangiwa kusafisha stoo ya zahanati, na humo anakuta nguo za mtoto zenye damu, za mtoto aliyetoweka miaka iliyopita na ambaye polisi walisema ameliwa na wanyama. Anayetafutwa ni mtu mkubwa, mwenye mali na heshima, na mtoto aliuawa ili viungo vyake vitengenezewe dawa ya mafanikio. Wabotswana hawakuhitaji kuelezwa kisa hicho kimetoka wapi. Mwaka 1994 msichana wa shule aliuawa Mochudi, na hasira dhidi ya polisi ikaleta ghasia hadi mji mkuu.

Riwaya ya kwanza ya Mma Ramotswe nayo ina mtoto aliyeibwa na hofu hiyo hiyo ya waganga wa viungo. Kwa McCall Smith, mtoto anarudi nyumbani akiwa hai. Kwa Dow, harudi. Nimevisoma vyote viwili na sioni sababu ya kumchoma mmoja ili kumsifu mwingine. Kinachonisikitisha ni kwamba mmoja anajulikana kila uwanja wa ndege duniani, na mwingine ni mpaka umtafute.

Gari dogo jeupe

Mwaka 2009, katika *Tea Time for the Traditionally Built*, lile gari dogo jeupe lilichoka. Bwana Matekoni, kwa nia njema kabisa, akaliondoa na kumpa mkewe gari jipya la bluu. Lilikuwa pigo kwa Mma Ramotswe, na lilikuwa pigo kwa msomaji. Gari lile lilikuwa limelala upande mmoja kwa uzito wa mwenyewe tangu 1998. Mwaka 2011, katika *The Saturday Big Tent Wedding Party*, akaliona barabarani, akadhani ni mzimu. Kitabu hakikuisha kabla halijarudi kwake. Sijui wangapi waliruka vitini waliposoma ukurasa huo, mimi niliruka.

Nguvu ya wasomaji juu ya mwandishi si jambo geni. Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alimtupa Sherlock Holmes katika maporomoko ya maji ya Uswisi, na wasomaji wakafuta usajili wa jarida la *The Strand* kwa hasira. Miaka 10 baadaye Holmes alitoka kaburini. McCall Smith mwenyewe anaishi na shinikizo hilo katika mfululizo wake mwingine, *44 Scotland Street*, ulioanza mwaka 2004 katika gazeti la *The Scotsman*, sehemu baada ya sehemu. Humo kuna mtoto Bertie, anayekandamizwa na mama mwenye makuu, anayemlazimisha kujifunza Kiitaliano na saksafoni. Wasomaji wamekuwa wakimsihi mwandishi amwachie mtoto apumue. Bertie alikaa na miaka sita kwa vitabu vingi mno, na sherehe ya kutimiza miaka saba ilipofika mwaka 2013 wasomaji walishangilia kama ya mtoto wao. Baadaye mama mtu akaondoka kwenda Aberdeen kusoma. Kwa hiyo McCall Smith anajua kumkuza mtoto akisihiwa vya kutosha. Motholeli anastahili wa kumsihia.

Skrini nayo iliwagawa watu. Mwaka 2008 filamu ya kwanza ilionyeshwa na BBC siku chache baada ya muongozaji wake, Anthony Minghella, kufariki ghafla. Ilipigwa Botswana kwenyewe, na mwaka 2009 ikafuatwa na tamthilia fupi ya HBO. Mma Ramotswe aliigizwa na mwanamuziki wa Marekani, Jill Scott, na Mma Makutsi na Mmarekani mwingine, Anika Noni Rose. Bwana Matekoni alikuwa Lucian Msamati, mtoto wa wazazi wa Kitanzania aliyekulia Zimbabwe. Namna alivyonyamaza akitafuta neno la kumposa Mma Ramotswe ilikuwa ndiyo Matekoni mzima. Tamthilia haikuendelea, na hadi leo wapo wanaosoma vitabu vipya wakiona sura yake.

Sisi tulikuwa na Bwana Msa

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuusoma ubishi huu kama mambo ya wenzetu. Mfululizo wa upelelezi wenye kuchekesha ulikuwapo Zanzibar miaka 38 kabla Mma Ramotswe hajachemsha chai yake ya kwanza.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960. Humo tulimkuta Bwana Msa na kiko chake, Najum rafiki yake anayeuliza maswali ambayo sisi tungeyauliza, na Spekta Seif anayekwenda haraka kuliko ushahidi. Utani wao wa kuchokozana ni Kiswahili cha barazani kilichokolea, na siri zenyewe zimesukwa hasa: msomaji hupewa vidokezo vyote, na bado hupitwa.

Angalia kalenda yake. Cha pili, *Kisima cha Giningi*, kilikuja mwaka 1968; msomaji alisubiri miaka minane. Kisha vikamiminika: *Duniani Kuna Watu* 1973, *Siri ya Sifuri* 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* 1976. Ukapita ukimya wa miaka mingine minane, na mwaka 1984 kikaja *Kosa la Bwana Msa*. Jina lake lilimwahidi msomaji jambo ambalo hakulizoea, kwamba mpelelezi huyu naye hukosea. Baada ya miaka 24 mwandishi alikuwa bado ana ujasiri wa kumtikisa mhusika wake. Abdulla alifariki mwaka 1991.

> Baada ya miaka 24 mwandishi alikuwa bado ana ujasiri wa kumtikisa mhusika wake.

Hapo ndipo ningependa wapenzi wa Mma Ramotswe waangalie. Mfululizo mrefu hauhitaji mauaji zaidi ili upate uhai. Unahitaji mwandishi akubali mhusika wake ashindwe jambo, na ashindwe kweli. Mma Ramotswe wa miaka ya karibuni hukosea mara chache, na akikosea hurekebisha kabla ya chai kupoa.

Nasi tuna la kujiuliza. Vitabu vya Mma Ramotswe vinauzwa katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam kwa Kiingereza, kwa bei inayomtosha mwenye nauli ya ndege. Bwana Msa, anayechekesha kwa lugha yetu, ni wa kumtafuta kwa wauza vitabu vya mitumba. Mchapishaji atakayemrudisha kamili, vitabu vyote saba kwa sura moja na bei ya kawaida, atakuwa amewapa vijana wanaopenda riwaya za upelelezi kitu cha kugombania.

Uanzie wapi

Kwa asiyewahi kumsoma Mma Ramotswe, usianze na *The Great Hippopotamus Hotel*. Utani wake unadai uwe unawajua watu hawa. Anza na cha kwanza, cha 1998, kisha *Tears of the Giraffe* cha mwaka 2000, ambacho ndani yake mama wa Kimarekani anakuja kutafuta jinsi mwanawe alivyopotea ukingoni mwa Kalahari miaka 10 iliyopita. Hakuna kitabu katika mfululizo mzima kinachobeba kicheko na majonzi kwa usawa kama hicho. Ukivipenda hivyo viwili, endelea kwa mpangilio hadi harusi ya Mma Makutsi mwaka 2011. Baada ya hapo unaweza kuchagua.

Ukimaliza, mtafute Unity Dow. *The Screaming of the Innocent* ni kitabu kifupi, lakini kisome mchana, na nyumbani kuwe na watu.